Mshale Unaotoka kwa Badria

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Januari 2026

Shangazi Badria,

Nakuomba kabla ya salamu: barua hii usimsomee mtu. Usimpe Nasreen akusomee hata kama miwani imepotea tena. Subiri miwani ipatikane. Usimwambie jirani kwamba Sabaha ameandika, na usinipigie simu kuniuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Utaelewa mbele. Kila neno lililomo humu libaki kwako.

Baada ya hapo, shikamoo. Mimi mzima, ila silali vizuri. Chumba ni kilekile karibu na Mnazi Mmoja. Mwenye nyumba amepaka rangi ukumbi na sasa anatukataza kuegemea ukuta. Baba alipiga Ijumaa kutoka Tunduru, anasema goti lake limepungua uvimbe na anakusalimu sana. Violeth ninayekaa naye naye anakusalimu. Ile achari ya embe uliyotuletea aliimaliza yeye kwa chapati, mimi nikapata mafuta yake tu.

Unaikumbuka kazi yangu. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini. Wafanyabiashara wa hapa Kariakoo wanachangia kontena moja kutoka China, sisi tunawashughulikia forodha, mzigo unalazwa kwenye stoo yetu mtaa wa Gerezani, halafu kila mtu anakuja kuchukua chake. Mimi ndiye karani wa ruhusa. Bosi wetu, Bwana Pantaleo, akiridhika kwamba mtu amekamilisha kila kitu, ananiambia, nami natuma ujumbe kwa simu yangu kwenda kwa Augustino, mtunza stoo: mpe fulani katoni zake. Augustino hanijui kwa sura. Ana njia yake ya kuhakiki. Anachukua namba iliyomtumia ujumbe, anafanya kama anaitumia pesa, jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo, kisha anafuta kabla pesa haijaenda. Likiwa ni lile jina analolijua, anaihifadhi namba kwa jina hilo na kufungua mlango. Huku mjini karibu kila mtu anafanya hivyo.

Na jina linalotokea kwenye laini yangu, Shangazi, ni lako. Ulinisajilia nilipoanza chuo, kitambulisho changu cha taifa kikiwa bado hakijatoka, na tangu hapo sikuibadilisha. Kwa hiyo ofisini mimi ni Sabaha, lakini stoo, tangu nianze kazi, mimi ni Badria Sadalla.

Jambo hili halikumsumbua mtu mpaka ilipokuja hii mashine ya kuchora. Mwezi uliopita katoni za vitasa vya milango za mteja wetu, Bwana Twaha, zilitoka stoo bila mwenyewe kujua. Bosi akamwambia Jovin, kijana wetu wa kompyuta, atafute zilikopitia. Jovin ana programu ya akili mnemba. Alichofanya ni kuipa meseji zote za ofisi na za stoo. Ikazisoma yenyewe, ikaandika mistari mifupi ya maneno: jina, mshale, jina. Kisha mistari ile inageuka mchoro wa visanduku na mishale, dakika hiyohiyo, bila mtu kushika kalamu. Nakunakilia kidogo uone:

Pantaleo --> Sabaha
Badria Sadalla --> Stoo
Stoo --> Twaha
Stoo --> Kirikuu ya bluu

Umeona? Kuna mshale unaoingia kwangu na hakuna unaotoka. Na Badria anatoa mishale kwenda stoo, lakini kwake hauingii hata mmoja, kama mtu aliyeshushwa kutoka juu. Bosi ameuchapa mchoro ukubwa wa kalenda na kuubandika ukutani. Jina lako amelizungushia kalamu nyekundu. Kila anayeingia anamuuliza, "Huyu mama ni nani, anayeendesha ofisi yangu kuliko mimi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, bosi, Badria ni mimi. Ndipo nikauona ule mshale wa kirikuu. Kigari hicho ndicho kilichobeba vitasa vya Bwana Twaha, na ruhusa yake imetoka kwa Badria Sadalla. Nimepekua simu yangu ujumbe mmoja mmoja. Mimi sikuituma. Nikisema Badria ni mimi, basi na mwizi ni mimi.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuuliza kwa karatasi kwa sababu Jovin anasema ile mashine inaweza kupewa meseji za simu yoyote izisome: kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako? Anayo nani?

Majibu mpe kondakta wa basi la asubuhi, ayaache ofisi ya basi Mbagala. Nitayafuata mwenyewe.

Mwanao,
Sabaha


Kilwa Masoko
30 Januari 2026

Mwanangu Sabaha,

Marahaba. Barua yako kondakta alikaa nayo, alikuwa amefiwa na mkwewe, na imenifikia ina doa la mafuta. Nimeisoma mwenyewe, mlango nimeufunga kama ulivyotaka, na joto lote hili.

Huku hatujambo. Paa la jiko linavuja. Fundi amekuja, amelitazama, akaondoka. Anasema bati zimechoka kuliko yeye. Siti amejifungua salama, mtoto wa kike, na mume wake amekuja amekaa wiki nzima anaosha nepi bila kuambiwa, mpaka majirani wakaja kumwangalia. Nasreen sasa yuko darasa la tano na ananisahihisha ninavyoongea. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa mapacha, mmoja mweupe.

Hiyo mashine sijaielewa. Mchoro usiochorwa na mtu ni mchoro wa nani, na ukikosea unamlaumu nani? Nilipoona mstari wenye jina langu nilisikia haya, kama nimebandikwa picha sokoni sina mtandio. Mwambie bosi wako alitoe ukutani. Mimi sijawahi hata kufika hiyo stoo.

Unauliza habari za laini. Ya kwako naikumbuka, tulisimama chini ya mwavuli wa wasajili pale stendi, ukaninunulia juisi ya miwa. Nyingine sikumbuki. Siku zile walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, unaweka kidole, unaambiwa tayari mama. Nani atakumbuka kidole chake kimegusa nini?

Wewe kula, na usibishane na wakubwa. Jambo hili litapita.

Shangazi yako,
Badria


Kariakoo
11 Februari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, na mpe Siti pole na hongera yangu. Violeth amecheka mpaka amekaa chini kwa habari ya shemeji na nepi. Hiyo tu ndiyo niliyomsomea.

Usinikasirikie kwa ninaloandika sasa. Barua yako nimeisoma tena na tena. Umenitajia Siti, mume wake, Nasreen, fundi wa bati, umefika mpaka kwa mbuzi. Abdulrazak hukumtaja. Tangu aende Mtwara hujawahi kunipigia simu bila kusema mwanangu Razaki anakusalimu. Labda umepitiwa tu. Nimeona nikuambie kwamba nimeona.

Hapa mambo hayajapita. Wiki iliyopita bosi alimpigia Augustino mbele yetu sote, simu ameiweka sauti ya juu mezani.

"Augustino, Badria ni nani?"

"Si karani wenu, bosi? Yule dada."

"Mimi sina karani anayeitwa Badria."

"Bosi, mwaka mzima natoa mzigo kwa neno lake. Tena ana adabu kuliko nyie wote hapo. Lazima aanze na salamu."

"Mara zote?"

Augustino alifikiri. Tulisikia mtu anapiga nyundo nyuma yake. "Ile ya vitasa hakusalimu. Nikasema leo dada ana haraka. Nikaangalia jina, jina ndilo. Nikatoa."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sikuweza kukiweka chini. Bosi hakucheka. Alinigeukia akauliza, "Sabaha, wewe ruhusa zako unazituma wapi?" Nikasema stoo, bosi. Akasema, "Stoo hawakujui." Akautazama mchoro, akanitazama mimi, kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

Walipotoka kwenda kula, Jovin alibaki.

"Dada Sabaha," akasema, "wewe ukituma meseji unaamkia hadi mlinzi wa getini."

Nikajifanya natafuta kalamu.

"Mimi sijasema kitu. Ila elewa kitu kimoja. Hii mashine haijui watu. Inajua majina. Watu wawili wakiwa na jina moja, inawatia kisanduku kimoja na mishale yao yote."

Nikamwambia. Nisamehe, Shangazi, najua nimekuomba siri halafu mimi ndiye nimetoboa, lakini alikuwa ameshajua nusu. Akanionyesha kwenye kompyuta kwamba mchoro mzima ni maandishi tu. Ukibadilisha mstari, mchoro unajichora upya. Kisanduku cha Badria kinaweza kutenganishwa viwili: kimoja cha kwangu, kingine cha mwenye laini ya pili. "Lakini lazima ujue cha kuandika hapo," akasema. "Ukipaacha wazi, bosi atapajaza kwa jina lako."

Nakuomba uende kwa wasajili wa laini hapo Masoko. Wape kitambulisho, watakuambia una laini ngapi na namba zake. Ni jambo la muda mfupi tu. Kisha niandikie.

Mwanao,
Sabaha


Kilwa Masoko
2 Machi 2026

Mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani njema. Mungu atupe nguvu tuimalize. Mvua zimepita juu ya barabara, mabasi yalikwama, usidhani nimekupuuza.

Nilikwenda kwa wasajili. Mtandao ulikuwa haupo. Nikarudi siku nyingine, kijana mwenyewe hakuwepo. Sijaenda tena, na mfungo huu na jua hili.

Umeuliza Razaki. Razaki hajambo.

Nimefikiri jambo la kufanya. Waambie hizo laini zote ni za Badria Sadalla wa Kilwa. Si uongo. Jina langu, kidole changu. Mimi mtu mzima, watanifanya nini? Watakuja, watanikuta nakaanga vitumbua vya futari, nitawapa, watakula, watarudi kwao. Wewe bado kijana, una kazi ya mezani, usiharibiwe jina kwa vitasa vya mtu.

Nimekutumia tende na samaki mkavu kwa kondakta huyuhuyu. Samaki mfunge vizuri, paka wa kwenu namjua.

Shangazi yako,
Badria


Kariakoo
13 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Tende zimefika, samaki amefika nusu, na si paka. Nashukuru.

Nimempata mwenye laini. Jovin aliitoa ile namba kwenye simu ya Augustino, nami nikaipiga kwa simu ya Violeth. Ikaita, sauti ikasema, "Nani mwenzangu?" Nikakata. Sauti ile nimekua nayo nyumba moja, sahani moja. Hata angekohoa tu ningemjua.

Kesho yake nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikaulizia. Nilimkuta amekaa juu ya giaboksi kuukuu mbele ya karakana, ameniona kabla sijamwona.

"Msomi wetu," akasema. "Umekuja kununua klachi?"

"Razaki, shangazi anasema uko Mtwara."

"Mama anasema nilichomwomba aseme."

Nikamuuliza vitasa viko wapi.

"Viko kwenye milango ya watu. Vinafunga vizuri tu. Vingine vipo."

"Ulijuaje habari ya jina?"

"Augustino anajisifu kwa mama ntilie kila mchana. 'Mimi haniibii mtu, mimi naangalia jina, likisema Badria Sadalla natoa.' Mimi nipo hapohapo nakula ubwabwa. Nikaangalia laini yangu. Nikajaribu."

"Wananitafuta mimi, Razaki. Kisanduku ni kimoja. Wakijua Badria ni mimi, ya kwako yote yananiangukia."

Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona nayo. "Badria ni mama yangu, Saba. Mimi nimetumia jina la kwetu. Wewe ndiye uliyeliazima."

Nilisimama pale, mafuta machafu yanapita chini ya viatu vyangu, nikahisi kama mimi ndiye niliyekuja kuomba msamaha. Yeye akalainika, akaniita binamu, akasema, "Si maandishi tu hayo? Futa mstari mmoja. Nani atajua?"

Leo Jovin ametoka kwenda kula, kompyuta ameiacha wazi. Nikakaa kwenye kiti chake. Nilifuta ule mstari wa kirikuu. Mchoro ukajichora upya, ukawa safi kabisa, ofisi nzima haina tatizo, na vitasa vya Bwana Twaha havijawahi kuwepo duniani. Nikaogopa jinsi ulivyokuwa mzuri. Nikaurudisha. Nikaandika kama ulivyoniagiza, Badria Sadalla wa Kilwa, mshale ukatoka kwako na kunyooka mpaka Gerezani. Bosi asubuhi alikuwa amesema akijua tu huyo mama anakaa wapi, polisi watalala mlangoni kwake. Nikafuta. Nikaandika Abdul, kidole kikakwama. Nikafuta hilo pia na kuacha kila kitu kama nilivyokikuta.

Bosi amesema Idi ikipita, Bwana Twaha anakwenda polisi na mchoro ulivyo. Jovin amesema hadi hapo atakuwa amenyamaza vya kutosha. Anaogopa kazi yake naye, simlaumu.

Sijui jema ni lipi. Nikilala naliona moja, nikiamka ni jingine. Ninachojua ni hiki: jina la Razaki sitaliandika bila wewe, na lako sitaliandika kabisa. Limebaki langu. Siku ikifika nitaandika hilo.

Mwanao,
Sabaha


Kilwa Masoko
22 Machi 2026

Mwanangu Sabaha,

Idi njema. Sikupika pilau. Nasreen alikwenda kula kwa jirani.

Barua yako niliipata tukitoka kuswali. Nimekaa nayo.

Laini ile nilimsajilia mwaka jana alipopita hapa. Aliniomba nisiseme yuko Dar. Alisema wewe una meza na kiti, na yeye anabeba spea mgongoni, ngoja ajipange kwanza ndipo muonane. Nikaona ni aibu ya kijana, nikamstahi. Vitasa sikuvijua. Ulipouliza mara ya kwanza nilijua laini ni yake, nikasema moyoni labda kuna makosa ya hiyo mashine. Ulipoandika kwamba ile ya vitasa haikuwa na salamu, nilijua si makosa, nikakuandikia habari za mtandao. Mtandao ulikuwepo.

Nilidhani nikijitoa mimi, nyote wawili mtabaki. Sikufikiri kwamba wewe ungejitoa.

Jana nilimpigia kumpa mkono wa Idi. Nikamuuliza, leo umekula wapi? Akasema Mtwara, mama, kwa rafiki. Siku ya Idi.

Mimi mashine siijui, lakini mfano wako ninao hapa. Unakwenda hivi:

Abdulrazak --> Stoo

Nimeandika mimi, mama yake. Wewe nakili tu. Mkono usiwe wako.

Nije? Niambie kama nije.

Badria


Kariakoo
29 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Baba amepiga, nimemwambia kila kitu, amesema nisikuache peke yako. Ndiyo salamu zake.

Barua yako sikuipeleka ofisini kwanza. Niliipeleka Gerezani. Razaki aliisoma amesimama. Akauliza, "Mkono wake huu?" Nikasema wake. Akaisoma tena kutoka juu. Akauliza kama anaweza kubaki nayo, nikampa, ingawa ndiyo iliyokuwa kinga yangu yote. Akasema, "Nenda kanakili. Mimi sikimbii." Sikujua kama nimwamini. Nilitembea mpaka ofisini nikigeuka nyuma.

Nikanakili. Nikaandika pia mstari wangu, Sabaha --> Stoo. Mchoro ukajichora. Kisanduku chako kimetoweka, na ule mshale ulioingia kwangu sasa unatoka. Nilidhani nitapumua. Nikaenda kumwita bosi.

Bosi alisimama mbele ya kompyuta muda mrefu. "Kumbe Badria ni wewe."

"Nusu, bosi."

"Na huyu Abdulrazak?"

"Binamu yangu. Mtoto wa shangazi."

"Umemwandika mwenyewe?"

"Mama yake ndiye aliyemwandika."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Bwana Twaha na askari walikwenda Gerezani jioni ileile. Razaki alikuwepo. Amekaa palepale, amenawa mikono. Akawaonyesha katoni zilizobaki.

Sasa yuko kituoni. Bwana Twaha anasema hajaamua kama atakwenda mahakamani. Anataka kuonana na mkubwa wa familia kwanza. Mimi nimeondolewa kwenye ruhusa, nakaa mezani bila kazi, na hakuna anayeniambia kama mwezi ujao nitakuwepo. Juzi nilikwenda kumwona. Askari wa kaunta akaniuliza mimi ni nani wake, nikakaa kimya mpaka akamwita mtu wa nyuma yangu. Razaki aliniona kwa mbali. Hakuonekana kukasirika. Aliniuliza kwa ishara, akigusa tumbo na kuonyesha upande wa kusini, kama wewe Idi ulikula. Nikasema ulikula. Sijui kama nimefanya vyema hata hilo.

Njoo, Shangazi. Mkubwa wa familia hapa ni wewe.

Ile laini yangu ya zamani usiipige, nimeifunga. Mpya nimesajili kwa kitambulisho changu. Namba iko nyuma ya bahasha hii, inakili mahali pengine usije ukaipoteza. Panda basi la kwanza Jumatano. Beba kitambulisho chako na shati lake lolote lililobaki nyumbani, alilovaa ni lile la siku ile. Chakula usibebe, tutampikia kwangu. Shuka Mbagala Rangi Tatu, usikubali bodaboda, ulizia mwendokasi ya Gerezani na ukae mpaka mwisho wa safari. Ukitoka getini simama hapohapo, upande wenye kivuli. Nitakuwa nimevaa mtandio wa kijani. Kukitokea foleni nikachelewa, na mtu akakuambia anajua kituo cha polisi kilipo, mshukuru tu. Usiende peke yako. Nisubiri, tuingie wote.

Sabaha